Kanuni za Pointi katika Ligi ya Fantasi: Namna ya Kuzichagua

Kanuni za pointi ndizo zinazompa mchezaji thamani katika ligi ya fantasi. Bao, pasi ya bao, mchomo uliookolewa na kadi ya njano ni matukio ya uwanjani tu mpaka kikundi kikubaliane kila moja lina pointi ngapi. Pointi za mabao zikipandishwa, washiriki wote hukimbilia washambuliaji. Zikipandishwa za ulinzi, beki wa timu ya katikati ya msimamo huanza kugombewa. Kwa hiyo anayechagua kanuni anachagua pia ujuzi utakaotuzwa: wa kubashiri wafungaji, wa kusoma ratiba, wa kuwajua wachezaji wasiotajwa sana, au wa kuvumilia msimu mzima bila kuhamaki.

Kanuni hizo zina ngazi tatu. Ya kwanza ni pointi za mchezaji, yaani kila kitendo chake kinalipwa kiasi gani. Ya pili ni pointi za kikosi: nahodha, benchi, chipu (nyongeza maalum zinazotumika mara chache kwa msimu) na makato ya usajili wa wachezaji wapya. Ya tatu ni namna pointi za vikosi zinavyogeuzwa kuwa msimamo na zawadi. Mabishano mengi ya katikati ya msimu hutokea kwa sababu kikundi kilijadili ngazi moja na kuzisahau nyingine mbili.

Fantasy Premier League, mchezo rasmi wa Ligi Kuu ya England ulioanza msimu wa 2002/03 na unaoitwa FPL tu na wachezaji wake wengi, hauruhusu kikundi kugusa ngazi mbili za kwanza. Pointi za mchezaji na za kikosi ni zilezile kwa dunia nzima; kinachobaki mikononi mwa kikundi ni aina ya msimamo na mgawanyo wa zawadi. Wanaotaka kupanga pointi zao wenyewe hutumia programu kama Fantrax, inayomruhusu msimamizi wa ligi kuamua kila kitendo kilipwe nini, au hujihesabia kwenye jedwali la kompyuta. Hata hivyo, kanuni za FPL ni mahali pazuri pa kuanzia kwa kila kikundi, kwa kuwa zinajulikana na zimerekebishwa mara nyingi.

Pointi za FPL kama kipimo

Katika msimu wa 2025/26 mchezaji wa FPL alilipwa hivi:

- Kucheza chini ya dakika 60: pointi 1. Dakika 60 au zaidi: pointi 2.
- Bao la mshambuliaji: 4. La kiungo: 5. La beki: 6. La kipa: 10.
- Pasi ya bao: 3.
- Kutoruhusu bao: 4 kwa kipa na beki, 1 kwa kiungo.
- Kila michomo mitatu iliyookolewa na kipa: 1. Kuokoa penalti: 5.
- Vitendo vya ulinzi vikifika kizingiti: 2.
- Bonasi kwa wachezaji bora wa mechi: 3, 2 na 1.
- Kipa au beki kila timu yake inapofungwa mabao mawili: kutoa 1.
- Kukosa penalti: kutoa 2. Kujifunga: kutoa 2.
- Kadi ya njano: kutoa 1. Kadi nyekundu: kutoa 3, makato ya njano yakiwa yamehesabiwa humo.

Orodha hii hubadilika. Bao la kipa lililipwa 6 kwa miaka mingi kabla ya kupandishwa hadi 10 msimu wa 2024/25, na pointi za vitendo vya ulinzi ziliingia msimu wa 2025/26. Kikundi kinachoandika kanuni zake kwa kurejelea FPL hakina budi kutaja msimu, la sivyo kitajikuta kinafuata kanuni ambazo hakikuzijadili.

Bao la nani lilipwe zaidi

Ngazi ya pointi kwa nafasi, yaani 4, 5 na 6, inatokana na hoja kwamba bao ni adimu zaidi kadiri mchezaji anavyocheza nyuma. Hoja hiyo ni sahihi kwa beki wa kati anayefunga kwa kona mara mbili tatu kwa msimu. Ugumu huja kwa mchezaji anayeorodheshwa kama kiungo huku akicheza karibu na goli kama mshambuliaji.

Mfano unaojulikana ni wa Mohamed Salah na Erling Haaland. Msimu wa 2017/18 Salah alifunga mabao 32 ya ligi akiwa ameorodheshwa kiungo. Kwa pointi 5 kila moja, mabao hayo yalilipa 160. Msimu wa 2022/23 Haaland alifunga mabao 36 akiwa mshambuliaji; kwa pointi 4, yalilipa 144. Aliyefunga manne pungufu alipata pointi 16 zaidi kwa mabao peke yake, na bado kiungo huongezewa pointi 1 kila timu yake isiporuhusu bao. Msimu wa 2024/25, bado akiwa kiungo kwenye orodha, Salah alifunga mabao 29 na kumaliza na pointi 344, idadi ambayo hakuna mchezaji aliyewahi kuifikia katika FPL.

Kikundi kinachopanga pointi chenyewe kina njia tatu. Ya kwanza ni kubaki na 4, 5, 6, inayomtuza mshiriki anayejua kutafuta viungo wanaocheza mbele. Ya pili ni kulipa kila bao sawa, kwa mfano pointi 5. Hapo washambuliaji halisi hurudi kuwa wafalme na orodha ya nafasi hupoteza uzito. Ya tatu ni kuacha tofauti kwa mabeki na makipa tu, huku viungo na washambuliaji wakilipwa sawa. Njia hii ya tatu huondoa malalamiko mengi kuhusu mawinga, na haimdhulumu beki anayefunga kwa nadra.

Vyovyote itakavyokuwa, kanuni iseme nani anaamua nafasi ya mchezaji. Jibu salama ni orodha ya programu inayotumika, kama ilivyo siku ya kuanza msimu. Kocha akimhamisha beki wa pembeni kuwa winga mwezi wa Novemba, orodha haibadiliki. Aliyelitambua badiliko hilo mapema na kumsajili anastahili faida yake.

Suala hili halihusu soka peke yake. Katika fantasi ya mpira wa miguu wa Kimarekani, ubishi wa kudumu ni kama mpokeaji alipwe pointi 1, nusu au sifuri kwa kila pasi anayodaka. Pointi hiyo moja hutosha kubadilisha mpangilio mzima wa nani achaguliwe kwanza, kwa sababu humwinua anayedaka pasi nyingi fupi hadi kumfikia anayefunga. Funzo lake ni kwamba kitendo kinachotokea mara nyingi hakihitaji pointi nyingi ili kitawale ligi.

Ulinzi: matokeo ya timu au kazi ya mchezaji

Kwa muda mrefu beki wa FPL alilipwa hasa kwa matokeo ya timu. Timu isiporuhusu bao, mabeki wote waliocheza dakika 60 walipata pointi 4, hata kama mmoja alikuwa akitazama mchezo upande wa pili. Kanuni ya 2025/26 iliongeza malipo ya kazi binafsi. Beki anayefikisha vitendo 10 vya kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kunyang'anya mpira hupata pointi 2. Kiungo na mshambuliaji wanahitaji vitendo 12, ila kwao hesabu inajumuisha pia mipira iliyopotea wanayoirejesha. Pointi hizo hazizidi 2 kwa mechi.

Tofauti yake huonekana wazi mabeki wawili wakilinganishwa. Wa kwanza anachezea timu kubwa iliyoshinda 3-0, amecheza dakika zote na kuondosha hatari mara tatu. Anapata 2 za muda na 4 za kutoruhusu bao, jumla 6. Wa pili anachezea timu iliyofungwa 2-0, amecheza dakika zote na kufikisha vitendo 11 vya ulinzi. Kwa kanuni za zamani anapata 2 za muda, anakatwa 1 ya mabao mawili, anabaki na 1. Kwa kanuni mpya anaongezewa 2, anakuwa na 3. Bado yuko nyuma, lakini kumsajili si hasara tena, hasa bei yake ikiwa ndogo.

Kikundi kinachotaka mabeki wa timu ndogo wawe na maana kinaweza kufuata njia hiyo, au kikaongeza zaidi kwa kulipa pointi 1 kwa kila vitendo vitano bila kikomo. Kinachotaka mchezo mwepesi unaoeleweka na mtu aliyeangalia matokeo tu kinaweza kuacha vitendo vya ulinzi kabisa na kulipa kutoruhusu bao peke yake. Njia zote mbili zinafaa; kosa ni kulipa vyote viwili kwa ukarimu mpaka beki wa kati awe na uhakika wa pointi nyingi kuliko mfungaji.

Kwa makipa, michomo iliyookolewa hufidia mabao yaliyoingia. Kipa wa timu dhaifu aliyeokoa michomo sita na kufungwa mabao mawili hupata 2 za muda, 2 za michomo, na kukatwa 1, jumla 3. Kikundi kikiondoa pointi za michomo, makipa wa timu ndogo hawatasajiliwa na mtu.

Vizingiti na ngazi

Kila kanuni inayoanza kulipa baada ya idadi fulani huunda kizingiti. Beki anayetolewa dakika ya 59 timu yake ikiwa haijafungwa hupata pointi 1. Akitolewa dakika ya 60 hupata 2 za muda na 4 za kutoruhusu bao, jumla 6. Dakika moja imegharimu pointi 5. Vivyo hivyo, beki mwenye vitendo 9 vya ulinzi hapati kitu, na mwenye 10 anapata 2.

Vizingiti vina faida: huhesabika haraka, havitoi desimali, na huleta msisimko wa dakika za mwisho. Hasara yake ni kwamba hufanya bahati ionekane kama dhuluma. Njia mbadala ni malipo ya ngazi, ambapo kila kiasi kidogo cha kazi kina pointi yake. Malipo ya ngazi hupunguza machungu na hupunguza sare kwenye msimamo, lakini yakifika kwenye nusu na robo huhitaji programu. Kuyahesabu kwa mkono ni kazi ya usiku kucha. Kikundi kinachojihesabia chenyewe kitumie namba nzima na vizingiti vichache. Kinachotumia programu kinaweza kuchagua ngazi.

Kulipa kinachohesabika tu

Kanuni nzuri ni ile ambayo watu wawili wakiihesabu kila mmoja kivyake hupata jibu moja. Bao na kadi havina shida. Pasi ya bao ina shida, kwa sababu tafsiri hutofautiana. FPL humpa pasi ya bao mchezaji aliyeangushwa na kusababisha penalti, mwenzake akiifunga, na haimpi kama ameipiga mwenyewe. Watoa takwimu wengine hawaihesabu hata kidogo. Bonasi ina ugumu zaidi: hutokana na fomula ya takwimu nyingi za mechi, na wawili wakilingana kileleni wote hupata 3, anayefuata akapata 1. Kikundi kisichotumia FPL hakiwezi kuirudia hesabu hiyo kwa macho.

Kwa hiyo kanuni zitaje chanzo kimoja cha takwimu na kutamka kwamba uamuzi wa chanzo hicho ni wa mwisho, pamoja na masahihisho yake ya baada ya mechi. Picha za marudio zinazosambazwa kwenye kundi la WhatsApp zisiwe ushahidi.

Hoja hii ni nzito zaidi kwa wanaotaka kuanzisha fantasi ya ligi ya nyumbani. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16, kila moja ikicheza mechi 30, na kikundi kinaweza kabisa kuunda vikosi kutoka Simba, Yanga, Azam na wengine. Ila takwimu za vitendo vya ulinzi hazipatikani kirahisi kwa kila mechi. Inafaa kulipa yale yanayotajwa katika taarifa ya kila mechi: kuanza kikosini 2, kuingia kutoka benchi 1, bao 4 au 5 au 6 kwa nafasi, kutoruhusu bao 4 kwa kipa na mabeki walioanza, njano kutoa 1, nyekundu kutoa 3, kujifunga kutoa 2, kukosa penalti kutoa 2. Orodha hiyo fupi inamtosha mtu mmoja mwenye daftari.

Nahodha, benchi na chipu

Ngazi ya pili huongeza uzito wa maamuzi ya mshiriki, na pia uzito wa bahati. Nahodha wa FPL huhesabiwa mara mbili. Mshambuliaji aliyefunga mabao matatu, akacheza dakika zote na kupata bonasi kamili ana pointi 12, 2 na 3, jumla 17. Kwa nahodha hugeuka 34, na kwa aliyetumia chipu ya nahodha mara tatu hugeuka 51. Hapo mshiriki mmoja anaweza kuwa amepata kwa mchezaji mmoja kile ambacho mwenzake amekipata kwa kikosi kizima.

Kikundi cha wageni wa mchezo hufurahia hilo, kwa kuwa hata aliye mkiani ana matumaini kila wikiendi. Kikundi cha wazoefu wenye uhuru wa kupanga kanuni kinaweza kupunguza kishindo hicho kwa kumlipa nahodha mara moja na nusu, au kwa kumwondoa kabisa.

Chipu zinahitaji tahadhari ya aina hiyohiyo. Msimu wa 2025/26 FPL ilitoa chipu nne, kila moja mara mbili: moja katika nusu ya kwanza ya msimu na moja katika ya pili. Kuna ya kubadilisha kikosi chote moja kwa moja, ya kukibadilisha kwa raundi moja tu, ya kuhesabu pointi za benchi, na ya nahodha mara tatu. Nguvu yake huongezeka katika raundi ambazo baadhi ya timu hucheza mechi mbili kwa sababu ya mechi zilizoahirishwa, maana mchezaji huhesabiwa pointi za mechi zote mbili. Kukubaliana kwa mdomo kwamba chipu fulani isitumike ni kujitafutia ugomvi: programu haimzuii mtu, na pointi zikishaingia haziondoki bila hesabu ya pembeni.

Makato ya usajili, pointi 4 kwa kila mchezaji anayezidi usajili wa bure, huzuia papara. Usajili wa bure usiotumika hujilimbikiza hadi mitano. Kikundi kinachojipangia kinaweza kufuta makato na kuweka kikomo cha usajili kwa mwezi, jambo linalowafaa washiriki wasio na muda wa kufuatilia habari za majeruhi kila siku.

Jumla, ana kwa ana au FPL Draft

Ngazi ya tatu ndiyo iliyo wazi kwa kila kikundi cha FPL, na ndiyo inayobadilisha zaidi ladha ya msimu.

Ligi ya jumla hupanga washiriki kwa pointi zote za msimu. Ni ya haki kwa maana kwamba hakuna pointi inayopotea, na aliyejipanga vizuri kwa raundi 38 ndiye hushinda. Udhaifu wake ni kwamba kufikia Januari nusu ya washiriki wanaweza kuwa wamekata tamaa na kuacha vikosi vyao bila kuviangalia. Dawa ni zawadi ya mwezi. FPL huonyesha msimamo wa kila mwezi ndani ya ligi ya jumla, kwa hiyo hesabu haimsumbui mtu, na aliye wa mwisho kwa jumla anaweza kuwa wa kwanza kwa Februari.

Ligi ya ana kwa ana hukutanisha washiriki wawili wawili kila raundi: ushindi pointi 3, sare 1. Hapa wastani wa kila wiki una nguvu kuliko mlipuko wa mara moja. Tuseme katika raundi nne mshiriki wa kwanza amepata 92, 48, 51 na 55, na wa pili 50, 52, 54 na 57. Kwa jumla wa kwanza anaongoza kwa 246 dhidi ya 213. Wangekutana ana kwa ana raundi zote nne, wa pili angeshinda tatu na kuwa na pointi 9, wa kwanza 3. Matokeo ni yaleyale ya uwanjani, mshindi ni tofauti.

Idadi ya watu ni jambo la kwanza kuangaliwa katika ligi hii. Washiriki 20 hukutana kila mmoja mara mbili na kumaliza raundi 38 sawasawa. Washiriki 10 hukutana mara nne na kubakiza raundi mbili, hivyo wengine watakutana na wagumu mara tano. Idadi ikiwa witiri, FPL huweka timu ya kubuni inayopata wastani wa pointi za ligi hiyo. Ratiba ikishaanza, kumwongeza mtu mpya huivuruga, kwa hiyo usajili wa washiriki ufungwe mapema.

FPL Draft ni mchezo tofauti wa watu 2 hadi 16. Hakuna bajeti, nahodha wala chipu, na mchezaji mmoja humilikiwa na mshiriki mmoja tu. Uchaguzi hufanywa kwa zamu inayogeuka: anayechagua wa mwisho katika mzunguko wa kwanza ndiye huanza wa pili. Watu wanane wenye wachezaji 15 kila mmoja humiliki wachezaji 120, ambao si rahisi kupatikana katika timu tano kubwa peke yake. Hapo viungo wa timu ndogo na mabeki wa vitendo vingi vya ulinzi huwa na thamani halisi. Ni mfumo bora kwa marafiki wachache wanaolifuata soka kwa karibu, na ni mbaya kwa kikundi ambamo watatu wataacha kucheza ifikapo Oktoba, kwa kuwa wachezaji wao watabaki wamefungiwa.

Kwa muhtasari, ofisi yenye watu 40 wa viwango mchanganyiko inafaa ligi ya jumla yenye zawadi za mwezi; watu 20 wanaopenda utani wa kila Jumatatu, ana kwa ana; watu 6 hadi 10 wazoefu, Draft. Kikundi kinaweza pia kuendesha ligi ya jumla na ya ana kwa ana kwa vikosi vilevile, na kugawa michango ya fedha ya washiriki katika mafungu mawili.

Sare, muda wa mwisho na mechi zilizoahirishwa

Wawili wakilingana kwa pointi katika ligi ya jumla, FPL humweka juu aliyefanya usajili mchache. Kikundi kiseme kama kitafuata hivyo hata kwa zawadi, au kitagawa fedha nusu kwa nusu. Kwa zawadi za mwezi, kugawana ndiko kunakoacha moyo mweupe.

Muda wa mwisho wa kubadilisha kikosi ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi, na saa za Uingereza huhama. Mechi ya mapema ya Jumamosi inapoanza saa 6:30 mchana kwa saa za London, mwezi wa Septemba ni saa 8:30 mchana Dar es Salaam na Nairobi, na muda wa mwisho ni saa 7:00. Baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba mechi hiyohiyo huanza saa 9:30 alasiri na muda wa mwisho huwa saa 8:00. Raundi ikianza Ijumaa usiku, mlango hufungwa siku hiyo. Kikundi kinachokusanya vikosi kwa ujumbe hakina budi kutaja saa ya Afrika Mashariki kwa kila raundi.

Mechi iliyoahirishwa huhesabiwa katika raundi itakayochezwa. Kwa wanaojihesabia, hilo liandikwe, pamoja na nini kitatokea ligi ikisimama kabisa, kama ilivyosimama Ligi Kuu ya England kuanzia Machi hadi Juni 2020. Kifungu kimoja kinatosha: raundi zikifika idadi fulani msimamo unahesabiwa halali, zikipungua michango inarudishwa.

Kujaribu kabla ya kuanza

Kanuni mpya zipimwe kwa raundi tatu zilizokwisha chezwa. Wachezaji 20 waliopata pointi nyingi huorodheshwa kwa kanuni zinazopendekezwa, kisha nafasi zao huhesabiwa. Wakionekana 14 kuwa viungo, kuna pointi imezidi upande huo. Hatua ya pili ni kuchukua vikosi viwili vya majaribio, kimoja cha nyota wachache na wachezaji wa bei ndogo, kingine cha wachezaji wa wastani, na kuona kama kimoja hushinda raundi zote tatu. Kikishinda daima, washiriki wote watakinakili. Ya tatu ni kuondoa nahodha na kuhesabu upya: mshindi akibadilika kila raundi, unahodha umebeba zaidi ya unavyostahili.

Rekebisho lifanywe kwa kitu kimoja kwa wakati, kisha hesabu irudiwe. Kubadilisha vitu vitatu kwa pamoja huficha kilicholeta tofauti.

Katiba ya ligi

Kilichokubaliwa huandikwa katika ukurasa mmoja na kutumwa kwa kila mshiriki kabla ya raundi ya kwanza. Ukurasa huo huwa na mambo haya: chanzo cha takwimu na msimu wa kanuni, pointi za kila kitendo, kama kikundi kimejipangia, aina ya msimamo, njia ya kutenganisha sare, zawadi ya msimu na ya kila mwezi, tarehe ya mwisho ya kutoa mchango, jina la mtunza fedha, ambaye asiwe msimamizi wa ligi, na watu watatu wa kuamua mgogoro, ambapo mwenye mgogoro hukaa pembeni na nafasi yake kuchukuliwa na mwingine.

Kifungu cha mwisho kihusu mabadiliko. Pointi na aina ya msimamo visiguswe msimu ukiwa unaendelea, hata kama wengi wamelalamika, kwa sababu kila mshiriki alijenga kikosi chake kwa kanuni zilizokuwepo. Malalamiko yaandikwe, yajadiliwe baada ya raundi ya 38, na yatakayokubaliwa na theluthi mbili ya washiriki yaanze kutumika msimu unaofuata.